Kiti cha Majini na Sato wa Chato

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kuchunguza samaki, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, nami nimekubali kwa sharti moja: msinikatize. Nimestaafu. Naishi Ibadakuli, Shinyanga, ambako ndege hupita juu ya bati langu na samaki ninaowaona ni wale waliokwisha kukaangwa. Muda ninao. Nitaandika ninavyokumbuka, na la mwisho likinijia kabla ya la kwanza, mtanivumilia.

Nianze na la maana kuliko yote: kunyweni chai kidogo. Mtu anayekwenda kukaa juu ya maji saa nne mfululizo hanywi vikombe viwili. Hili halimo kwenye vitabu vyenu. Mimi nililijua siku ya pili ya kazi, na namna nilivyolijua siiandiki.

Jingine ni jua. Liwe begani, lisiwe usoni wala mgongoni. Likiwa usoni maji yanang'aa huoni kitu, likiwa mgongoni kivuli chako kinawaangukia samaki. Kwa sato aliye kwenye maji ya kina kifupi, chochote kinachosogea juu yake ni ndege, mnandi au furukombe, aliyekuja kumla. Hasubiri kuhakikisha. Kelele atakuvumilia kidogo, lakini kivuli hakuvumilii hata kidogo. Na acheni nguo za kung'aa. Nilikuwa na kitenge changu cha njano nilichokipenda sana, na Daktari Salum alinirudisha nyumbani nikakivue kama mwanafunzi aliyekuja shuleni bila sare.

Daktari Salum ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Kahama mjini, wazazi wake walitoka pwani, Kiswahili chake laini, hasira yake ya pole pole. Alikuwa akichunguza tabia za samaki wa maji mafupi upande wa Chato, sato hasa, na sangara wadogo wanaojificha kwenye majabali. Alitafuta msaidizi kwa mtihani wa ajabu. Aliweka beseni la samaki barazani, akatuketisha watu sita, akasema tuangalie tu mpaka aseme basi. Baada ya robo saa mmoja alikuwa anapekua simu, mwingine anasinzia. Mimi nilizaliwa Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Utoto wangu wote nilichambua majani, jani moja baada ya jingine, hili la daraja hili, lile la daraja lile, na mama yangu nyuma yangu akingoja nikosee. Beseni la samaki kwangu lilikuwa mapumziko. Aliponiuliza nimeona nini, nikamwambia yule mwenye mkia uliochanika ndiye bwana mkubwa, wenzake wote wanampisha. Nikapata kazi.

Kaka yangu Shigela alicheka sana. Yeye alikuwa machimboni Geita akitafuta dhahabu, mimi nikaajiriwa kukodolea macho samaki ambao hata kuwala siruhusiwi. Lakini huyo huyo Shigela ndiye aliyenielewesha sato kuliko kitabu chochote. Nilimweleza jinsi dume anavyochimba kiota mchangani kwa mdomo, cha mviringo kama sahani pana, kisha akakaa hapo hapo kukilinda. Majike huja, hutaga, huyakusanya mayai mdomoni na kwenda nayo kwenye matete, wasile chochote mpaka watoto waanguliwe. Dume yeye habanduki. Shigela akasema, kwa jina ambalo wachimbaji huliita shimo lao, "Hilo ni duara lake. Ukiliacha duara lako ukaenda kunywa chai, ukirudi utakuta mwenzako yuko ndani." Tangu siku hiyo kila mgeni niliyemfundisha kazi nilimweleza hivyo, na watu wa Geita walielewa mara moja.

Wako pia wale wageni wa fimbo za kuvulia. Hao huvua kwa kujifurahisha: wanampata sangara mkubwa, wanampima, wanapiga naye picha, halafu wanamrudisha majini. Mara ya kwanza wavuvi wetu walipoona jambo hilo walidhani yule mgeni ni mgonjwa, na mzee mmoja alimtuma mkewe ampelekee uji. Baadaye walielewa kwamba samaki asiye na mahali pa kuzalia hawezi kuvuliwa na yeyote, mwenye njaa wala mwenye kujifurahisha. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza kusikilizwa.

Sasa niwasimulie kosa langu. Mnalijua nusu, maana naambiwa linasimuliwa kwenye mafunzo yenu kwa kicheko. Simulizi yenyewe ni hii.

Kwenye ghuba ndogo ya kijiji tulichokaa kulikuwa na viota kumi na viwili karibu na ufukwe, maji ya magotini hadi kiunoni. Daktari alijengesha kiti: miti minne imepigwa mchangani, ubao wa kukalia, ubao wa kukanyagia, kimo cha mtu juu ya maji ili mamba naye asipate wazo. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu pale tangu mwanga unapotoka mpaka saa nne asubuhi, na kila baada ya dakika tano kuviangalia viota vyote na kuandika: dume yupo, dume hayupo. Daktari mwenyewe alinipokea zamu ya mchana.

Pembeni ya ghuba, hatua chache kutoka kwenye kiti, ilipita njia ya kijiji. Asubuhi njia ile ilikuwa na watu: wa mashambani, wa kuchota maji, wa mnadani. Nami nililelewa. Binti wa Kisukuma hamwamkii mkubwa akiwa amekaa. Nilisimama kwenye ule ubao, nikamgeukia mzee nikiwapa samaki mgongo, nikakunja magoti, nikaamkia. Na salamu zetu mnazijua, si za mjini zile za kurusha shikamoo huku mtu anatembea. Mwangaluka, nyumbani mhola, yaani salama, ng'ombe mhola, wewe ni wa kwa nani, Ushetu kwenyewe kuna mvua. Nikimaliza nakaa, natazama saa, dakika tano zimefika, naangalia viota. Dume hayupo hata mmoja. Naandika.

Niliandika hivyo msimu mzima. Madaftari saba. Daktari aliyasoma akafurahi kama mtu aliyeokota jiwe lenye dhahabu, kwa sababu yalionyesha jambo ambalo hakulitegemea: kwamba kuanzia saa moja hadi saa nne sato dume huviacha viota, kisha hurudi na kutulia mchana kutwa. Mchana alikaa yeye, na mchana njiani hapakuwa na mtu, jua lilikuwa kali. Kwa hiyo mambo yote yalikubaliana.

Tena yaliwafaa wote. Kijiji kilikuwa kimeamua kuipumzisha ghuba msimu wa kuzaa, lakini wavuvi walitaka waachiwe japo saa chache. Ripoti ya Daktari ikapendekeza asubuhi, kwa kuwa viota ni vitupu. Mkutano wa kupitisha jambo hilo ulipangwa Jumamosi. Na mimi, niliyekuwa kibarua wa msimu nikiwa na mtoto mdogo na mama Ushetu, niliahidiwa kwamba ripoti ikipita nitaandikishwa kazi ya kudumu. Nilikuwa nimeshamwambia mama.

Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na msiba kitongoji cha jirani. Kijiji kizima kilikwenda tangu alfajiri. Mimi nilipanga kwenda baada ya zamu, nikapanda kitini kama kawaida. Hakupita mtu. Saa moja ikafika, madume wote kumi na wawili wapo. Saa mbili, wapo. Nilifikiri saa yangu imeharibika. Saa tatu wapo, wanazunguka sahani zao, wanafukuzana na majirani, hakuna hata mmoja mwenye dalili ya safari.

Ndipo akatokea Bibi Nyamizi. Huyu alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote pale kijijini, mjane, mrefu, mwenye maneno machache, na kila asubuhi alipita na ndoo yake. Siku hiyo magoti yalimsumbua, akachelewa msibani. Mwili wangu ukasimama wenyewe. Nikakunja magoti. Lakini safari hii jicho moja lilibaki majini, adabu ile nusu nusu Mungu anisamehe, na nikaona kivuli changu kikifagia mchanga kutoka kiota cha kwanza hadi cha mwisho, na sato wote kumi na wawili wakatoweka.

Bibi aliniuliza kama naumwa. Nilisema hapana. Baada ya robo saa madume walianza kurudi mmoja mmoja, na ingekuwa siku ya kawaida, hapo ndipo angepita mzee mwingine.

Msibani nilikwenda, nikakaa na wanawake wenzangu, na sikusikia neno. Usiku kucha nilikuwa nikijiambia kwamba labda ni siku moja tu. Ijumaa nilimpigia Shigela simu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Nyamaza. Samaki hawatakushtaki." Alikuwa ananipenda, na alikuwa anamfikiria mama. Msimlaumu. Nami kwa saa kadhaa nilikuwa nimeamua kunyamaza, nawaambia kweli. Nilifua, nikapika, nikampiga mtoto wangu kofi ambalo hakulistahili.

Kilichonishinda ni kuwajua wale samaki. Nilikuwa nimekaa nao msimu mzima. Kwenye kiota cha tano alikuwapo dume mwenye kovu, mgomvi, nilimpenda. Niliona nyavu zikimjia saa mbili asubuhi, saa ambayo mimi mwenyewe nimeandika kwa mkono wangu kuwa hayupo.

Nilimfuata Daktari alipotoka msikitini, nikamfikia uani kwake.

"Daktari, wale madume hawaondoki asubuhi," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayewafukuza."

"Unawafukuzaje?"

"Naamkia wazee."

Hakuelewa. Ikabidi nipande juu ya kinu kilichopinduliwa pale uani na kumwonyesha, kusimama, kugeuka, kukunja magoti, na salamu zote mpaka mvua ya Ushetu. Alitazama kivuli changu ukutani. Akaingia ndani kuleta madaftari, akaniambia nimtajie nani hupita saa ngapi. Nikamtajia: Mzee Masanja saa moja, wanawake wa visimani, Bibi Nyamizi na ndoo yake, wa mnadani siku ya mnada. Kila nilipomtaja mtu, Daktari aliweka kidole kwenye daftari, na saa hiyo viota vilikuwa vitupu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Bi Kabula," alisema, "msimu mzima tumewachunguza wazee wa kijiji hiki. Na tumewachunguza vizuri sana."

Kisha hakucheka tena. Ripoti ilikuwa imeshapelekwa kwa wakubwa wake. Alinieleza bila kuficha kwamba tukiifuta, nafasi yangu itakwenda na hiyo ripoti, na hatakuwa na uwezo wa kuizuia. Nikasema najua. Akaniuliza kwa nini basi sikukaa kimya.

"Nyavu zikiingia asubuhi zitawakuta wote nyumbani," nikasema.

Jumamosi alisimama yeye kwanza mbele ya mkutano. Nilitegemea ataniita nijieleze. Badala yake alisema kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyemweka mtu kwenye kiti bila kuuliza watu wa hapa wanaishi vipi, na kwamba angeamka mapema hata siku moja akakaa zamu ya asubuhi angeliona mwenyewe. Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada yake. Sijamsikia mwingine akisema hivyo mbele ya watu.

Nami nikasimama, nikaeleza. Mzee Masanja, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi na ambaye nyavu zake zilikuwa tayari, aliuliza kama anaelewa vizuri: wavuvi wananyimwa asubuhi kwa sababu binti ana adabu? Watu wakacheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na hasira. Wengine walisema ripoti ya kwanza ni ripoti, ipitishwe, mambo ya shikamoo ni ya nyumbani. Daktari aliomba msimu mmoja zaidi wa kuchunguza upya. Waliuliza, upya vipi, wakati njia ni ile ile na wazee ni wale wale? Kuihamisha njia kulikuwa hakuwezekani, upande wa pili ni majabali. Kumweka kitini mtu asiyeamkia wakubwa, nani angemvumilia?

Hapo Bibi Nyamizi akanyanyuka kwa fimbo yake.

"Mwakani akiwa kwenye kile kiti asiniamkie," alisema. "Wala mimi sitamtazama. Kama yupo mkubwa kuliko mimi anayetaka kuamkiwa, aseme sasa."

Ghuba ikafungwa kwa msimu mmoja zaidi, asubuhi hadi jioni.

Nafasi yangu ilikwenda, kama nilivyoambiwa. Alipewa mtu mwingine, mahali pengine, na mimi nikabaki kibarua misimu mitatu zaidi kabla ya kuandikishwa. Nililia, sitawaficha. Kumwambia mama kulikuwa kugumu kuliko kuuambia mkutano. Shigela alisema, "Nilikuambia," kisha akatuma mchele.

Daktari aliongeza safu mpya kwenye madaftari, pembeni kabisa: mtazamaji amefanya nini. Umekohoa, andika. Umejikuna, andika. Mbu amekuuma ukampiga, andika. Safu hiyo ipo mpaka leo kwenye fomu zenu, nimeiona, na nimeona pia wengi wenu mnaandika "hakuna" kutoka juu hadi chini kabla hata hamjakaa. Sasa mna kamera za kuzamisha majini, na ni nzuri, natamani ningekuwa nazo. Kamera haimwamkii mtu. Lakini anayekwenda kuibadilisha betri ana miguu na kivuli, na samaki hajui kwamba wewe ni msomi.

Basi msimu uliofuata nilirudi kitini. Nilidhani kutoamkia ni kazi rahisi, ni kukaa tu. Vijana wangu, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya majini. Mzee Masanja alipita siku ya kwanza akakohoa makusudi kuona kama nitasimama. Shingo yangu iliuma kwa kujizuia. Wageni wa mnadani wasiojua habari walinisema kwa sauti, kwamba huyu binti wa watafiti ametoka wapi, hakufunzwa na mama yake. Hilo la mama lilinichoma kila liliposemwa.

Na kila asubuhi alipita Bibi Nyamizi. Alipita na ndoo yake, uso ameugeuza upande wa mashamba, pole pole kwa yale magoti, asikohoe wala asiburuze fimbo. Nilisikia kwamba wanawake wenzake walimwambia anajidhalilisha, mtu mzima kuachwa na binti bila salamu kama kisiki. Mimi nilikaa nimekaza macho kwenye viota, na kwenye ile safu ya pembeni niliandika: nimetulia.

Madume walikaa. Siku baada ya siku, tangu mwanga unapotoka hadi mchana, walikuwapo, isipokuwa yule aliyetoka kidogo kumfukuza jirani. Yule mwenye kovu sikumwona tena, lakini kiota cha tano kilipata mwenyewe mwingine mgomvi vile vile. Daktari aliandika upya, kijiji kikaifunga ghuba msimu wote wa kuzaa, na Mzee Masanja alinung'unika miaka miwili kisha akawa ndiye anayewafukuza wenye nyavu.

Siku ya mwisho ya msimu nilishuka kitini saa nne, nikafunga daftari, nikaenda na nguo zangu mbichi moja kwa moja nyumbani kwa Bibi Nyamizi. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nilipiga magoti chini kabisa, kwenye vumbi, nikamwamkia.

Aliendelea kupepeta kidogo. Kisha akauweka ungo chini.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Samaki walikaa?"

"Walikaa, Bibi."

"Hata mimi nikipita?"

"Hata ulipokuwa ukipita. Hakuondoka hata mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, akaushika tena ungo wake.

"Basi nilipita vizuri," alisema.